Makengeza ya Mtoto na Tiba Isiyo ya Kisu

Alasiri moja nilikuwa nimeketi barazani kwa jirani yangu, mjini Tanga, katika saa ile ambayo jua limekwisha kupoa na wanawake wa nyumba hutoa ungo nje wakachagua mchele wa chakula cha usiku, nikamwona mjukuu wa mwenye nyumba, mtoto wa kike wa miaka 4, amepiga magoti kando ya bibi yake akimsaidia kutoa chuya na vijiwe. Alipoinua uso kuniamkia macho yake yalikuwa sawasawa, mazuri, ya kutazamika. Lakini kila alipoinama tena juu ya ungo na kukaza nadhari juu ya punje moja, jicho lake la kulia lilitambaa polepole likaelekea puani, likakaa huko kwa muda wa kuhesabu tano au sita, kisha likarudi mahali pake kama mtu aliyegutushwa usingizini. Nilimuuliza bibi yake mambo yale yalianza lini. Akanijibu huku mikono yake ikiendelea na kazi, "Tangu ile homa ya mwaka jana, mwanangu. Lakini mwache, atakua nayo yatakwisha. Hata mama yake alikuwa hivi hivi."

Neno hilo, kwamba atakua nayo yatakwisha, nimelisikia katika nyumba nyingi, likisemwa kwa mapenzi na kwa nia njema, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Maana katika maradhi yawapatayo watoto wetu sijui mengi yaliyo mepesi kiasi hiki yakiwahiwa, wala yanayodai deni kubwa kiasi hiki yakicheleweshwa. Na wale wasiosema kwamba yatakwisha aghalabu husema neno la pili, lililo kinyume cha lile la kwanza lakini lenye madhara yale yale: kwamba makengeza hayana dawa ila kupasuliwa. Kwa kuwa hapana mzazi apendaye kumwona mwanawe akilazwa juu ya meza ya madaktari, mtoto huachwa vivyo hivyo. Muradi wangu ni kueleza yaliyoko baina ya maneno mawili hayo, yaani miwani, kibandiko, matone, mazoezi na sindano, kila kimoja kwa kadiri ya uwezo wake na kwa mpaka wake.

Makengeza ni hali ya macho mawili kutoelekea mahali pamoja kwa wakati mmoja: moja likitazama kitu, la pili huelekea puani, au upande wa sikio, au juu, au chini. Hupata takriban watoto 2 mpaka 4 katika kila 100. Kila jicho la binadamu limeshikwa na misuli 6 iliyo myembamba kama kanda, nayo huamrishwa na neva 3 zitokazo ubongoni. Kwa hiyo macho mawili ni mfano wa jahazi lenye kamba 12, ambazo hapana budi zivutwe na zilegezwe kwa hesabu moja, mchana kutwa, bila ya nahodha kutoa amri kwa sauti. Kila jicho huleta picha yake, iliyotofautiana kidogo na ya mwenzake, nao ubongo huziunganisha picha hizo mbili zikawa moja. Na katika tofauti ile ndogo hupatikana ujuzi wa kukadiria umbali, ujuzi ambao mtu huutumia kila anapotunga uzi katika tundu la sindano au anapodaka mpira.

Mtu mzima ambaye jicho lake limepotoka ghafula huona vitu viwili viwili, akataabika, akakimbilia kwa tabibu. Mtoto mdogo hana mashaka hayo, na hapa ndipo hatari ilipo. Ubongo wake, kwa kuwa ungali mwepesi wa kujifunza na mwepesi wa kuzoea, huikataa picha ya jicho lililokwenda upande ili usichanganyikiwe, na baada ya miezi ya kukataa husahau kabisa namna ya kuipokea. Jicho lenyewe ni zima. Ukilipima utaona lenzi yake safi na retina yake haina kasoro. Ila limekuwa kama mjumbe ambaye kila akifika barazani hunyamazishwa, mpaka siku anapotakiwa kusema hana tena neno. Waganga wa macho huliita jicho vivu, jina ambalo silipendi sana, kwa sababu uvivu ni tabia ya kulaumiwa, na jicho hili halikutenda kosa lo lote.

Watu wawili waliotuonyesha jambo hili kwa dhahiri ni David Hubel na Torsten Wiesel, wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambao katika miaka ya 1960 walifunga ukope mmoja wa watoto wa paka kwa miezi ya mwanzo ya uhai wao, kisha wakaufungua. Jicho lililokuwa limefungwa halikuwa na ugonjwa, lakini chembe za ubongo zilizopasa kulisikiliza zilikuwa zimeliacha, zikamfuata mwenzake. Walipomfanyia paka mkubwa jambo lile lile, hakudhurika. Mwaka 1981 walitunukiwa Nishani ya Nobel. Funzo lao kwa mzazi ni kwamba kuona si kazi ya jicho peke yake. Ubongo nao hujifunza kuona, na chuo chake kina muda wa kufunguliwa na muda wa kufungwa. Kwa binadamu muda ulio bora ni ile miaka 7 au 8 ya mwanzo. Baada ya hapo mlango haufungwi kwa kishindo, ila huanza kuwa mzito.

Kabla ya kusema juu ya tiba, inafaa kutenga yasiyo makengeza. Mtoto mchanga katika miezi 3 au 4 ya mwanzo huweza kuonekana macho yake yakitangatanga mara moja moja, na hilo si la kuogopesha. Lakini jicho lililopotoka moja kwa moja pasipo kurudi, au linaloendelea kupotoka baada ya umri huo, lazima lipimwe. Tena wako watoto wengi ambao mzizi wa pua yao ni mpana na bapa, na ngozi ya pembe ya ndani ya jicho imefunika sehemu ya weupe wake, hata mtazamaji akadhani jicho limekwenda ndani ilhali limesimama barabara. Hawa ndio ambao kwa kweli "hupona" wakikua, kwa sababu pua hupata umbo lake, na yamkini ndio walioipa nguvu itikadi ile kwamba makengeza huisha yenyewe.

Njia ya kupambanua ni rahisi, hata ikamshangaza mtu. Tabibu humulika mwanga mdogo mbele ya uso wa mtoto, akatazama nukta mbili za nuru zinazong'aa juu ya macho yake: zikiwa zimekaa mahali pamoja katika mboni zote mbili, macho yamenyoka; moja ikiwa katikati na nyingine imesogea pembeni, kuna makengeza. Kisha hufunika jicho moja kwa kiganja na kuona kama la pili litasogea ili lishike kitu kinachotazamwa. Kipimo cha nukta za nuru kinajulikana kwa jina la Julius Hirschberg, tabibu wa Berlin aliyeishi kati ya 1843 na 1925, na sipendi kumpita bila ya kutaja wema wake mwingine. Mtu huyu alijifunza Kiarabu akiwa mtu mzima ili asome mwenyewe vitabu vya matabibu wa macho wa zama za kale, na mwaka 1904, pamoja na wenzake, akatoa kwa Kijerumani kitabu cha Ali bin Isa, tabibu wa Baghdad aliyeandika muda wa miaka 900 kabla yake. Elimu ya macho imepita katika mikono mingi, na mingi kati ya hiyo ilishika kalamu kwa lugha ambayo kwayo sisi wa pwani tumeazima mengi ya maneno yetu ya elimu.

Jambo moja halingoji. Ikiwa ndani ya mboni ya mtoto panaonekana weupe, hasa katika picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera, weupe unaometa kama jicho la paka usiku mahali ambapo panapaswa kuwa peusi au pekundu, basi asingojwe hata wiki moja. Weupe huo huweza kuwa mtoto wa jicho, au huweza kuwa saratani ya retina, na makengeza ni mojawapo ya dalili za mwanzo za saratani hiyo. Ikiwahiwa, uhai wa mtoto huokoka, na mara nyingine jicho pia. Kwa sababu hii peke yake, lau kama isingekuwako nyingine, kila mtoto mwenye makengeza anastahili kutazamwa ndani ya jicho na mtu ajuaye.

Sasa nije kwenye miwani, ambayo kwa maoni yangu ndiyo tiba inayodharauliwa kuliko zote na inayotenda maajabu kuliko zote. Mwaka 1864 tabibu wa Utrecht, Frans Cornelis Donders, alitoa kitabu chake kikubwa juu ya nguvu za jicho, na humo akaeleza siri ya makengeza ya ndani ya watoto. Wako watoto waliozaliwa na jicho fupi kidogo kuliko ipasavyo, toka mbele mpaka nyuma, hata picha ya kitu ikaangukia nyuma ya retina badala ya kuangukia juu yake. Mtoto wa namna hii huweza kuona vizuri, lakini kwa gharama: hana budi kuikaza lenzi ya jicho kila wakati, na kuikaza zaidi anapotazama kilicho karibu. Nayo maumbile yamefunga kazi hiyo ya kukaza lenzi pamoja na kazi ya kuyaleta macho yote mawili ndani, kwa kuwa atazamaye karibu huhitaji yote mawili kwa pamoja. Akazaye kupita kiasi, macho yake huvutwa ndani kupita kiasi. Naam, ndiyo sababu jicho la yule mtoto wa ungo lilikuwa sawa aliponitazama mimi, likatambaa alipotazama punje ya mchele.

Makengeza ya aina hii aghalabu huanza kuonekana baina ya miaka 2 na 3, yakaja na kuondoka, yakazidi mtoto anapochoka au anapougua. Na kwa kuwa mara nyingi huonekana mara ya kwanza wakati wa homa, homa hubebeshwa dhambi isiyo yake. Homa haikuyaleta; ilidhoofisha tu nguvu za mtoto za kuyazuia. Dawa yake ni miwani ya lenzi nene katikati, ambayo humfanyia mtoto ile kazi ya kukaza, na kazi ikiondoka mvuto nao huondoka. Wako ambao macho hunyoka kabisa kwa miwani tu, wako ambao hunyoka kwa kutazama mbali lakini bado huvutwa kwa kutazama karibu, nao hupewa miwani yenye nguvu mbili, ya juu na ya chini. Na wako ambao hunyoka nusu, na nusu iliyobaki hutafutiwa njia nyingine.

Ili nguvu ya miwani hiyo ijulikane kwa haki, mtoto hutiwa kwanza matone ya kulegeza lenzi, kwa sababu akipimwa huku angali anakaza, kasoro hujificha. Mtoto wa miaka 2 haulizwi herufi wala hatakiwi kusema kipi bora. Mpimaji humulika jicho lake kwa mshale wa nuru katika chumba chenye giza, akapitisha lenzi moja baada ya nyingine, akasoma jibu katika mwendo wa ile nuru. Kwa hiyo lile neno ambalo watu wa nyumba ya jirani yangu waliambiwa mahali fulani walipokwenda kwanza, kwamba mtoto arudi akifika darasa la kwanza na kujua kusoma, halikuwa neno la kuambiwa mtu.

Kuna jambo moja ambalo mzazi asipoelezwa mapema humfanya aitupe miwani. Baada ya wiki chache za kuivaa, mtoto akiivua jicho huonekana limevutwa ndani zaidi kuliko zamani, na watu wa nyumbani husema miwani imemharibu. La, haikumharibu. Zamani mara nyingine alikuwa akiridhika kuona ukungu, akapumzisha macho yake. Sasa amekwisha onja uwazi, naye hataki kuukosa, basi hukaza kwa bidii kubwa zaidi miwani inapotoka. Miwani hii huvaliwa tangu kuamka mpaka kulala. Si ya darasani wala si ya sikukuu.

Ya pili kwa heshima ni kulifunika jicho zima ili lile lililonyamazishwa lipate kusema. Tiba hii ni ya kale. Hunasibishwa na Thabit bin Qurra, mwanachuoni wa Harran aliyefariki Baghdad mwaka 901, shauri la kufunika jicho lenye nguvu ili dhaifu lifanye kazi. Na mwaka 1743 Buffon, Mfaransa mwenye elimu ya viumbe, aliandika juu yake tena katika kueleza kwamba nguvu za macho mawili zisipokuwa sawa moja huachwa. Lakini kwa karne nyingi hapana aliyejua ni saa ngapi zinatosha, na watoto wengi wamelazimishwa kufungwa jicho kutwa nzima, wakalia, wakabandua, wakapigwa. Mwanzoni mwa karne hii ndipo wataalamu wa Marekani Kaskazini walipolipima jambo hili kwa uadilifu: mwaka 2003 walitoa habari za watoto 189 wenye jicho vivu la kadiri, wengine wakifunikwa saa 2 kwa siku na wengine saa 6, na baada ya miezi 4 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu sawasawa. Saa 2 tu, maadamu ni za kila siku, na walitakiwa walau saa moja kati yake ishughulikie kazi ya karibu. Kwa jicho lililo dhaifu sana huhitajiwa zaidi, kama saa 6. Lakini nafikiri habari ile ya saa 2 ingepasa kutangazwa misikitini na makanisani, kwa kuwa imewaondolea watoto na mama zao mateso mengi yasiyo na faida.

Kibandiko kilicho bora ni kile kinachonata juu ya ngozi yenyewe, si kitambaa kinachoning'inia juu ya miwani, kwa sababu mtoto ni mwerevu, huchungulia pembeni. Katika joto na unyevunyevu wa pwani jasho hukilegeza na ngozi huwasha, hivyo watu wengine huchagua saa za jioni au asubuhi mapema, wakaosha na kukausha uso vizuri kabla ya kukibandika. Kadhalika ni wajibu kurudi kupimwa kwa tarehe iliyopangwa, maana jicho zima likifunikwa mno kwa miezi pasipo kuangaliwa, nalo huweza kudhoofika. Na tiba ikikatwa ghafula, ushindi huweza kupotea. Wengine huhitaji miwani peke yake: katika uchunguzi wa mwaka 2006, watoto 84 ambao jicho lao lilikuwa vivu kwa sababu ya tofauti ya nguvu baina ya macho mawili walipewa miwani tu, na zaidi ya robo yao walipona bila ya kibandiko. Kwa sababu hii tabibu mwenye busara huanza na miwani, akangoja wiki kadhaa, ndipo akaongeza kingine.

Kwa mtoto asiyekubali kibandiko kwa hali yo yote kuna matone ya atropini, ambayo hutiwa katika jicho zima yakaitanua mboni yake na kulitia jicho hilo ukungu kwa karibu, hata mtoto akalazimika kutumia lile dhaifu pasipo kujua kwamba analazimishwa. Mwaka 2002 ilitangazwa habari ya watoto 419 walio chini ya miaka 7: waliofunikwa na waliotiwa matone walikuwa wamesogea takriban mistari 3 katika ubao wa kupimia macho baada ya miezi 6, tofauti baina yao ikiwa ndogo mno. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba matone ya Jumamosi na Jumapili tu yalifanya kazi kama ya kila siku. Ni dawa kali, hata hivyo. Ichungwe mbali na mikono ya watoto, na baada ya kuitia ibanwe pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili isiteremke kooni. Na mtoto akiwa mwekundu usoni, mkavu mdomoni, na mwenye joto, aachishwe na apelekwe kwa tabibu.

Je, umri ukishapita? Mwaka 2005 walipimwa watoto 507 wa miaka 7 mpaka 17, na katika wale wa miaka 7 mpaka 12 waliotibiwa kwa miwani, kibandiko na atropini, zaidi ya nusu walipata nafuu ya maana. Basi mzazi aliyechelewa asikate tamaa, wala aliye na mtoto wa miaka 3 asijipe ruhusa ya kuchelewa.

Juu ya mazoezi ya macho napenda kusema kwa hadhari, kwa kuwa hapa ndipo wauzaji wa matumaini walipojaa. Baba wa mafunzo haya ni Louis Émile Javal, tabibu wa Paris, ambaye baba yake na dada yake walikuwa na makengeza. Alijitahidi kwa miaka mingi kuyafundisha macho kuungana kwa kutumia picha pacha zitazamwazo katika sanduku lenye lenzi mbili, akatoa kitabu chake mwaka 1896. Kitu cha kuhuzunisha ni kwamba yeye mwenyewe alipofuka kwa maradhi ya shinikizo la jicho karibu na mwaka 1900, na hata katika giza lile aliandika kitabu cha kuwasaidia vipofu wenzake. Mazoezi yanafaa, lakini si kwa kila makengeza. Faida yake iliyothibitika zaidi ni kwa watoto ambao macho yao hushindwa kuja ndani wanaposoma, wakaona maneno yakicheza na kichwa kikauma: mwaka 2008, kati ya watoto 221 wa miaka 9 mpaka 17, waliofanya mazoezi na mtaalamu kila wiki na kuyarudia nyumbani walipata nafuu kwa kiasi cha 73 katika 100, ilhali waliopewa zoezi la kuisogeza kalamu kuelekea puani nyumbani walikuwa 43, sawa karibu na waliopewa mazoezi ya bandia. Bali yule mwenye makengeza ya ndani yatokanayo na jicho fupi, umpe mazoezi mwaka mzima, usipompa miwani hukumpa kitu. Na mtu akija kukuambia kwamba atamwondolea mwanao miwani kwa kuzungusha macho juani, kama alivyodai William Bates wa New York katika kitabu chake cha mwaka 1920, mfungie mlango kwa adabu.

Yapo makengeza yaendayo nje, yanayokuja na kuondoka, ambayo mtoto huyaonyesha akichoka au akitazama mbali, akafumba jicho moja penye jua kali. Haya mara nyingi hungojewa na kupimwa tu, kwa sababu hali ya watoto wengi haiharibiki upesi. Kwa wengine hutumiwa prizimu, kioo kinachopindisha nuru ili picha iende lilipo jicho. Na prizimu ya siku hizi yaweza kuwa utando mwembamba wa plastiki wenye mistari, unaobandikwa juu ya miwani, uliofuata hesabu ile ile ambayo Augustin Fresnel, Mfaransa, aliitia katika taa ya mnara wa Cordouan mwaka 1823, ili mabaharia waione kutoka mbali.

Sindano nayo ina kisa chake. Alan Scott, tabibu wa San Francisco, alitafuta kwa miaka mingi kitu cha kudhoofisha msuli mmoja wa jicho pasipo kuukata, akaangukia sumu ya botulini, ile ile iuayo watu walao chakula kilichooza ndani ya kopo. Kwa kipimo kidogo mno, ikichomwa katika msuli unaovuta kupita kiasi, huulegeza kwa muda wa miezi 2 au 3, na katika muda huo msuli wa upande wa pili hupata nafasi ya kusawazisha. Alitangaza habari zake mwaka 1980, na mwaka 1989 serikali ya Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba, kwa wenye miaka 12 na zaidi. Matabibu wa watoto wamekuwa wakiitumia pia kwa walio wadogo kwa uangalizi wao. Dunia leo huijua dawa hii kwa kunyosha makunyanzi ya matajiri, wala wengi hawajui kwamba ilitafutwa kwa ajili ya macho. Kwa mtoto mdogo huhitaji usingizi mfupi wa dawa, na ukope huweza kulegea kwa wiki kadhaa.

Wala nisimdanganye msomaji kwamba kisu kimekwisha kazi. Mtoto ambaye macho yake yamekwenda ndani kwa pembe kubwa tangu miezi yake 6 ya mwanzo, mara nyingi miwani haimtoshi, na upasuaji wa misuli, ambao Johann Friedrich Dieffenbach aliuanza Berlin mwaka 1839, mwaka ule ule aliozaliwa Javal, ndio unaomfaa. Hata hapo jicho vivu aghalabu hutibiwa kwanza kwa kibandiko, kwa kuwa kisu hunyosha jicho lakini hakilifundishi kuona. Na huduma hizi si za ng'ambo peke yake: hospitali ya KCMC ya Moshi, ile ya CCBRT ya Dar es Salaam, na ile ya Kikuyu karibu na Nairobi zina matabibu wa macho waliozoea watoto. Mashaka makubwa kwetu ni masafa, nauli, bei ya fremu ndogo inayomkaa mtoto masikioni, na wenzake wanaomcheka shuleni. Mwalimu anayewakataza kumcheka hushiriki katika tiba kama tabibu.

Yule mtoto wa Tanga alipewa miwani nene yenye kamba nyuma ya kichwa, na ndani ya wiki 6 jicho lake la kulia lilikuwa halitambai tena juu ya ungo. Lakini kupimwa kulionyesha kwamba jicho lile lilikuwa limekwisha kuwa vivu, basi akaandikiwa kibandiko cha saa 2 juu ya jicho la kushoto. Bibi yake, ambaye alikuwa amesema yatakwisha yenyewe, ndiye aliyechagua saa: baada ya Alasiri, wakati wa mchele. Siku ya kwanza mtoto alipapasa kwa vidole kama mtu aliye gizani, akatoa chuya 3, akalia, akataka kibanduliwe. "Hesabu kwanza kumi, mjukuu wangu, ndipo tukibandue," bibi akamwambia. Nilipopita mwezi wa tatu baadaye alikuwa amefika chuya 40, kibandiko kimeandikwa ua kwa wino, naye akanyanyua kijiwe kidogo kuliko punje yenyewe, akakileta karibu na miwani yake, akasema, "Bibi, hiki umekiacha wewe."